Nani hasa anayechagua jinsia ya mtoto?

Mada ya kuchagua jinsia ya mtoto ikiibuka tu watu wanagawanyika haraka sana. Wapo wanaosema hiyo ni kuingilia kazi ya Mungu na hawataki kusikia zaidi, na wapo wanaosema mwili wangu, hela yangu, mtoto wangu, nyie inawahusu nini. Mimi pande zote mbili haziniridhishi, kwasababu zote zinadhani pale kuna mtu mmoja amekaa ametulia anachagua, wakati ukiangalia ilivyokuwa kwenye nchi ambazo jambo hili limefanyika kwa mamilioni unakuta aliyechagua ni mama mkwe, ni sheria ya urithi, ni uzee usio na pensheni, na mama mjamzito yeye kafikishwa tu kliniki.

Tuanze na hesabu ya asili. Wakizaliwa wasichana 100 huwa wanazaliwa wavulana kama 105 hivi, alafu kwakuwa wavulana wanakufa zaidi kidogo utotoni, huko mbele mambo yanajisawazisha yenyewe. Sasa Korea Kusini mwaka 1990 walifika wavulana 116.5 kwa wasichana 100. China sensa ya 2010 ilionesha kama 118, na hata iliposhuka mpaka 111 kwenye sensa ya 2020 athari zilishaingia, maana nchi nzima wanaume walikuwa wamewazidi wanawake kwa karibu milioni 35. India wao wanahesabu watoto wasiozidi miaka sita, na mwaka 1991 kulikuwa na wasichana 945 kwa wavulana 1000, 2001 wakawa 927, na 2011 wakashuka mpaka chini ya 920. Mchumi Amartya Sen aliandika mwaka 1990 kwamba duniani kuna upungufu wa wanawake zaidi ya milioni 100, watu ambao wangekuwa hai kama wasichana wangelishwa na kutibiwa sawa na kaka zao, na wakati anaandika hayo mashine za ultrasaundi zilikuwa bado hazijasambaa kama zilivyokuja kusambaa.

Takwimu inayonigusa kuliko zote lakini ni ya Korea Kusini, ya watoto wa tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtoto wa kwanza uwiano ulikuwa karibu na wa kawaida, ila ukifika kwa mtoto wa tatu unakuta wavulana karibu 200 kwa wasichana 100. Hebu fikiria maana yake. Ni familia ambayo tayari ina mabinti wawili, wanalelewa vizuri, wanapendwa, wanasomeshwa, alafu mimba ya tatu inaingia na nyumba nzima inajua kwamba hii sasa haina nafasi ya kukosea. Hawa sio watu wanaochukia wasichana, wana wawili ndani na wanawapenda. Ni watu ambao sheria ya nchi yao ilikuwa inamtambua mwanaume kama kichwa cha ukoo, na bila mtoto wa kiume daftari la ukoo linafungwa.

Serikali ya huko ilijaribu njia ya mkato. Mwaka 1987 wakapiga marufuku daktari kumwambia mzazi jinsia ya mimba, na si umeona, miaka mitatu baadae ndo uwiano unasoma 116.5. India nao walitunga sheria yao 1994, wakaikaza tena 2003, na hapo ndipo ubunifu wa watu ulipoonekana. Mama analala kitandani, anapakwa ule ute wa baridi tumboni, daktari anazungusha kifaa kimya kimya bila kusema neno kwasababu akisema ni jela, akimaliza anamshukuru mungu wa kiume kwa jina na hapo familia inajua ni mvulana, akimtaja mungu wa kike wanajua ni msichana, au anasaini ripoti kwa wino wa rangi fulani. Mambo haya yameripotiwa India miaka na miaka. Na kabla sheria haijawekwa kliniki zilikuwa zinatangaza waziwazi, lipa rupia 500 leo uokoe rupia 50,000 kesho, wakimaanisha mahari, maana kule anayetoa ni upande wa binti. Mahari yenyewe ilipigwa marufuku kisheria tangu 1961. Kwahiyo unakuta sheria imewekwa juu ya sheria, na ndani ya nyumba bado binti anahesabiwa kama deni.

Alafu kuna jambo linaniudhi kila nikilifikiria. Jinsia ya mtoto inaamuliwa na mbegu ya baba, kama imebeba kromosomu X anakuwa msichana, ikibeba Y anakuwa mvulana, yai la mama siku zote lina X. Hili linafundishwa sekondari. Lakini anayesemwa ni mama, anayeongezewa mke mwenzie ni mama, anayebeba mimba tano akitafuta mvulana ni mama, na anayelala kwenye meza ya kutoa mimba kwa siri ni yeye. Kwahiyo mtu akiniambia huo ni uhuru wa mwanamke wa kuchagua namwelewa anakotoka, mimi mwenyewe uhuru huo nautetea, ila naomba aniambie uhuru gani huu ambao ukichagua kinyume unaachika.

Turudi Korea, maana ndo sehemu inayofundisha. Kufika kama 2007 hivi uwiano ulikuwa umerudi kwenye kawaida. Sasa kilichoshusha ni nini? Lile katazo lilikuwepo muda wote, tangu uwiano uko juu mpaka unashuka, kwahiyo sio rahisi kulipa sifa zote. Kilichobadilika ni kwamba wanawake waliingia kwenye ajira, watu wakahamia mijini mbali na wazee wa ukoo, pensheni ya taifa ikaanza 1988, mabinti wakapata haki sawa ya kurithi kuanzia 1991, na ule mfumo wa kichwa cha ukoo ukatamkwa kuvunja katiba 2005 na ukafutwa rasmi 2008. Dharau ilivyopungua, wateja wa kuchagua jinsia nao wakapungua. Februari 2024 mahakama ya katiba ikalifuta kabisa lile katazo la kutaja jinsia kwasababu halikuwa tena na kazi, na siku hizi kura za maoni kule zinaonesha wanaopendelea binti ni wengi kuliko wanaopendelea mvulana. (Na hapo napo sijatulia, maana ukiuliza kwanini binti, jibu moja linalokuja sana ni kwamba binti ndo atakaekuhudumia ukizeeka. Yaani mtoto bado anaajiriwa kabla hajazaliwa, kazi tu ndo imebadilika.)

Hapo ndo napata msimamo wangu, na sidhani kama unahusu jinsia peke yake. Mahitaji makubwa ya watoto wa kuchagua yanazaliwa na dharau iliyoko kwenye jamii, teknolojia inakuja kuihudumia hiyo dharau na kuilipisha. Ukifunga kliniki ukaiacha dharau unapata soko la magendo. Ukiishughulikia dharau, kliniki inakosa wateja bila polisi.

Kutokana na hapo najiwekea swali moja ninalolitumia kupima mengine yote. Je, hiki unachomtakia mtoto kingekuwa na thamani hata kama watoto wote duniani wangekuwa nacho? Chukua selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Kama hakuna mtoto hata mmoja anayezaliwa nayo, mtoto wako hajapoteza chochote, maumivu ya mifupa usiku hayapo, kuongezewa damu hakupo, faida yake haitegemei mwenzake aumwe. Hicho ni kinga halali na sioni aibu kukitetea. Kupima viinitete, yaani mimba changa kabisa zilizotungwa maabara kabla hazijawekwa tumboni, kwa ajili ya magonjwa kulianza hivyohivyo, London mwaka 1990, mwanasayansi Alan Handyside na wenzake waliwasaidia wazazi waliobeba magonjwa yanayowapiga watoto wa kiume, wakachagua viinitete vya kike ili kuukwepa ugonjwa. Tafakari hilo, mara ya kwanza kabisa binadamu kuchagua jinsia maabara kwa njia ile, waliochaguliwa walikuwa wasichana, na sababu ilikuwa ni uhai.

Sasa weka mtoto wa kiume kwenye swali hilohilo. Kama kila mzazi angepata mvulana aliyemtaka, huyo mvulana wako anamuoa nani? Hii sio nadharia, vijijini Haryana kule kaskazini mwa India wanaume wanatafutiwa wake majimbo ya mbali kama Assam na West Bengal, wanawake wengine wananunuliwa kabisa, na China kuna biashara ya mabinti wanaovushwa kutoka Myanmar na nchi jirani kwenda kuwa wake za watu wasiowajua. Familia moja inafaidika tu endapo wengine hawakufanya kama yenyewe, na gharama inakwenda kulipwa na binti wa mtu maskini mwenye nchi dhaifu kuliko yako.

Wapo watakaosema hayo ni ya India na China, sisi tunaongelea mtu mwenye wavulana watatu anayetaka binti mmoja tu, Marekani wanaiita kusawazisha familia na kliniki zinafanya kihalali, wakati Uingereza sheria inakataza kuchagua jinsia bila sababu ya kiafya, na mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1997 nao unakataza. Nakubali madhara hapo ni madogo, soko la ndoa haliharibiki kwa familia chache. Ila mwanamke huyo atachomwa sindano za homoni siku kadhaa, atatolewa mayai kwa sindano, watatengeneza viinitete kadhaa na vyenye afya vitawekwa kando kwa kosa la kuwa na Y. Na yule binti akizaliwa anazaliwa na maelezo ya kazi, ameshanunuliwa nguo, ameshachorewa picha ya kuwa rafiki wa mama yake wa kwenda naye saluni, sasa akiwa ni mtu wa mpira na matope na hataki kabisa hayo mambo, nani atamlipa mama hela yake? Sisemi mama atamchukia. Nasema mtoto huyo ana mzigo ambao kaka zake hawakuwahi kupewa.

Kwenye uboreshaji wa binadamu ndo watu wanapenda kuongea kama filamu, watoto wenye akili za ajabu, misuli, macho ya bluu. Ukweli wa maabara uko chini sana ya hapo. Siku hizi kuna kampuni Marekani zinapima viinitete na kutoa alama za akili na urefu kwa kujumlisha maelfu ya vitofauti vidogo vya DNA. Utafiti uliotoka 2019 ulipiga hesabu kwamba ukiwa na viinitete kumi na ukachagua chenye alama ya juu, unategemea kupata kama sentimita 2.5 za urefu, au pointi kama 2.5 za kipimo cha akili, na hiyo ni wastani, kwa mtoto mmoja mmoja unaweza kupata kinyume. Mtu analipa maelfu ya dola kwa kitu ambacho mwalimu mzuri na chakula cha kutosha kinakizidi mbali. Na urefu wenyewe tuupitishe kwenye swali letu, wote tukiongezeka sentimita kumi nani kafaidika? Hakuna, milango tu ndo itapandishwa. Thamani ya urefu ni kwamba mwenzako awe mfupi. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu homoni ya ukuaji kwa watoto wenye afya kamili, kosa lao ni kuwa kwenye ile asilimia 1.2 ya wafupi zaidi, kwahiyo mtoto ambae haumwi anachomwa sindano miaka na miaka kwasababu wenzie shuleni wanamcheka. Mimi nisingemlaumu mzazi wake hata kidogo, namuelewa kabisa. Ila tuseme wazi kwamba tumeamua kumtibu anaechekwa.

Mwanafalsafa wa maadili, Profesa Julian Savulescu, mwaka 2001 alijenga hoja kwamba mzazi akiwa na viinitete kadhaa ana wajibu wa kimaadili kuchagua kile kinachotarajiwa kuwa na maisha bora zaidi. Inasikika vizuri mpaka uiweke kwenye jamii halisi. Penye ubaguzi wa wasichana, mwenye maisha bora yanayotarajiwa ni mvulana. Penye ubaguzi wa rangi, ni mwenye ngozi nyeupe. Yaani hoja hiyo ukiifuata bila kusimama inamwamuru mzazi amtii mbaguzi, na kadri ubaguzi unavyokuwa mkali ndo wajibu unavyokuwa mkubwa. Wanaomtetea wanasema ubaguzi ushughulikiwe kwa njia za kijamii, sawa, lakini basi wajibu umeshahama kutoka kwa mzazi kwenda kwa jamii, na hapo ndipo mimi nilipokuwa tangu mwanzo.

Kisa cha He Jiankui kinaonesha hili kuliko chochote. Novemba 2018 mwanasayansi huyo wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri jeni ya CCR5, ambayo virusi vya VVU huitumia kama mlango wa kuingilia kwenye seli, kwa kutumia CRISPR, teknolojia ya kukata na kubadili jeni, ili wasiambukizwe. Dunia ilipiga kelele, Desemba 2019 akahukumiwa miaka mitatu na faini ya yuan milioni tatu, na ni haki, maana alichezea jeni za watoto ambazo watazirithisha na wala hakuwa na uhakika wa alichokifanya. Lakini wachache waliuliza wale wazazi walifikaje pale. Baba ana VVU. Kumzuia mtoto asipate maambukizi kwa baba kulikuwa hakuhitaji kuhariri jeni yoyote, mbegu zinasafishwa maabara na mambo yanaisha. Shida ilikuwa kwamba kanuni za China zilikuwa zinawafungia mlango wenye VVU kwenye huduma ya kupandikiza mimba, na mradi wa He ukawafungulia mlango huo bila gharama. Kilichowapeleka ni unyanyapaa. Wangepokelewa kwenye kliniki ya kawaida kama binadamu wengine, majaribio yale yangekosa watu. Na jeni yenyewe ina sura mbili, wasiokuwa na CCR5 inayofanya kazi wanaumia zaidi wakipata homa ya West Nile, kama vile mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu anavyopata ahueni kwenye malaria. Anayesema anajua jeni mbaya na jeni nzuri anaongea haraka kuliko anavyojua.

Hapa sasa nifike kwenye kitu kinachonisumbua, maana swali langu halifungui kila mlango. Denmark tangu 2004 wajawazito wote wanapewa nafasi ya kupima kama mtoto ana Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada inayochelewesha ukuaji wa akili, na ikigundulika, zaidi ya asilimia 95 wanatoa mimba. Hakuna anayelazimishwa. Na ni nchi yenye huduma nzuri kwa wenye ulemavu, shule zipo, posho ipo, kwahiyo siwezi kusema kirahisi kwamba ni dharau tu au umaskini umewasukuma. Nikipitisha kwenye swali langu, kukosa matatizo ya moyo yanayoambatana na hali hiyo ni faida isiyotegemea mtu mwingine, sawa, lakini mtu mwenye Down anaeishi, anafanya kazi, anacheka, anapenda, sio jumla ya matatizo ya moyo. Ninachokiona ni kwamba maelfu ya watu wanaochagua kila mmoja kivyake, kwa nia njema, wanaweza kufikisha nchi mahali ambapo mtu wa aina fulani hakuna tena mtaani, na wachache wanaobaki wanaulizwa kwa macho kwanini mama yako hakupima. Sina sheria ya kupendekeza hapo, kumlazimisha mwanamke kubeba mimba sitaki. Ila mzazi anayepewa majibu yale akutanishwe kwanza na familia inayomlea mtoto kama huyo, asiishie kwenye karatasi yenye orodha ya kasoro iliyosomwa na daktari mwenye foleni nje.

Kwenye sheria kwa ujumla mi naangalia nani anabanwa. Sheria ya India pamoja na udhaifu wake ina kifungu nakipenda sana, mahakama inatakiwa ianze kwa kudhani kwamba mama alilazimishwa na mume au ndugu, wao wathibitishe vinginevyo. Kila nchi inayofikiria sheria ya namna hii ianzie hapo, maana mashirika matano ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko 2011 yakionya kwamba ukibana huduma bila kugusa sababu, wanawake ndo wanaishia kwenye njia hatari. Kupima viinitete kwa magonjwa mazito kuruhusiwe na kuwe na bei ya watu wa kawaida, isije ikawa selimundu na himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) zinabaki kuwa magonjwa ya watoto wa maskini. Kuhariri jeni za kurithishwa kusubiri. Tiba ya CRISPR kwa mgonjwa mwenyewe ni habari nyingine kabisa, Uingereza na Marekani ziliidhinisha ya selimundu mwishoni mwa 2023 na mabadiliko yake hayaendi kwa watoto wake. Kuuza jinsia bila sababu ya kiafya kukatazwe kwa anayeuza, mama asiguswe, na wakati huohuo bunge hilohilo liwe limeshamaliza suala la binti kurithi, kwasababu siku hizi kipimo cha damu ya mama kinasoma jinsia kuanzia wiki ya kumi na hakihitaji hata mashine ya ultrasaundi, kwahiyo anaedhani atalinda wasichana kwa kuwavizia madaktari amechelewa. Na zile kampuni za alama za akili, kila tangazo lao liandikwe hizo pointi 2.5 kwa herufi kubwa kama wanavyoandika bei.